Boerboel kwenye joto la Mombasa: mwongozo kamili wa kumfuga mbwa mkubwa wa ulinzi

Kaskazi ikianza kukaza, kuanzia Januari hivi, simu ninazopigiwa hufanana. "Mbwa wangu hali." "Mbwa wangu anahema tu, hataki kuinuka." "Mbwa wangu anatokwa na damu puani, nimpe nini?" Anayepiga huwa amenunua mbwa mkubwa kwa pesa nyingi, akamfunga mnyororo kando ya geti, akamwekea ugali na sufuria ya maji, akahesabu kuwa nyumba ina mlinzi. Mwaka hauishi kabla mbwa hajafa, na mwizi hajafika hata siku moja.

Mbwa wakubwa wa hapa hawauawi na wezi. Wanauawa na joto, kupe na mnyororo. Najua kwa sababu wangu wa kwanza, Jabali, nilimuua mimi. Ilikuwa Jumapili ya Februari. Nyumbani kulikuwa na shughuli ya harusi, nikamfunga nyuma chini ya kibanda cha mabati asisumbue wageni. Nilipomkumbuka ilikuwa saa tisa mchana. Beseni alikuwa ameshalipindua.

Mifano yangu ni ya Boerboel, mbwa wa asili ya Afrika Kusini, kwa kuwa ndiye ninayemfuga hapa Bamburi. Dume lake huvuka kilo 60 na wengine hukaribia 90. Mwenye Rottweiler au Mastiff atumie hatua hizi hizi. Mwenye kutaka wale wenye manyoya mazito kama kondoo, waliozoea milima ya theluji, namshauri abadilishe nia. Hapa pwani utakuwa unamtesa.

## Andaa vitu hivi kwanza

Usiende kumchukua mbwa kabla hivi havijakaa nyumbani:

- Ua wenye ukuta wa mita 2 au zaidi, na geti lisilo na mwanya wa kupitisha pua yake wala mkono wa mtoto.
- Banda (hatua ya 1).
- Kitanda cha kamba, kile kile cha mbao cha mabibi zetu, ila kisukwe kwa kamba ya nailoni.
- Mabeseni mawili mazito ya maji na bakuli moja la chakula, visivyotumika kwa jambo jingine lolote.
- Mitungi mitano ya lita 20 yenye vifuniko, akiba ya maji ya mbwa peke yake.
- Kipimajoto cha kuingiza nyuma.
- Ukosi mpana wa ngozi, kamba imara ya kumwongozea ya mita 2, na kikapu cha mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa.
- Kibanio cha nyusi na glavu za kung'olea kupe.
- Daftari.
- Namba za simu za madaktari wa mifugo wawili, na mmoja wao awe anapokea simu usiku. Mpigie kabla hujamhitaji, umuulize.

Mnyororo haumo kwenye orodha. Sijausahau.

## Hatua ya 1: Jenga banda linalopumua

Mbwa hatoki jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, yaani kwa kukausha mate kwenye ulimi na njia za pumzi. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, na unyevu huo ndio unaozuia mate yasikauke. Kwa hiyo nyuzi 32 za hapa ni adhabu kubwa kuliko nyuzi 32 za mahali pakavu, na banda lisilo na upepo ni tanuri.

Lenga pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Basi acha upande wa mashariki wazi kabisa, wavu tu, na uzibe upande wa magharibi ambako jua la alasiri hupiga. Fundi atataka kuziba kuta zote nne kwa sababu ndivyo alivyozoea kujenga. Mkatalie.

Paa la mabati matupu lisahau. Makuti hupoza vizuri, lakini kupe hujificha humo na maji ya masika hupenya yakizeeka. Mimi nimeweka mabati chini na makuti juu yake, kimo cha kunitosha kusimama na mkono juu. Kimo hicho hakipo kwa starehe: joto hupanda, na wewe utaingia humo kuosha kila wiki.

Sakafu iwe ya saruji, imeinuka kidogo kutoka ardhini, yenye mteremko wa kutoa maji. Mita 3 kwa 2 zinatosha kulala, kwani maisha yake yatakuwa uani. Juu ya sakafu ndipo kinapokaa kitanda cha kamba. Mbwa mzito akilala kwenye saruji miezi mfululizo viwiko vyake huota sugu, kisha sugu hupasuka na kuwa vidonda. Kitandani upepo hupita chini ya tumbo lake. Kamba iwe ya nailoni kwa sababu ya makumbi huhifadhi kupe na harufu.

Ukuta ukiwa wa matumbawe, upige plasta hadi juu. Kila tundu la jiwe la matumbawe ni chumba cha kupangisha kupe. Sababu utaiona hatua ya 5.

Umefaulu ukiona: Unaingia bandani saa nane mchana, unakaa robo saa, na hutamani kutoka. Ukitamani, naye atatamani.

## Hatua ya 2: Mchague na umchanje

Mchukue akiwa na wiki 8, si chini. Omba kuwaona wazazi wote wawili. Mama anayejificha kwa woga au anayeruka kutaka kukung'ata mbele ya mwenyewe atakuzalia matatizo. Tazama wazazi wakitembea: nyonga zinazoyumba nyuma hurithiwa, na kwa mbwa mkubwa ni kilema cha maisha.

Chanjo ya pamoja, ile inayokinga paro (ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu unaoua vijibwa) na ndugu zake, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Wengi hukosea hapa. Wanachanja mara moja, mbwa anachangamka, wanasahau. Kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuizima chanjo ya kwanza, ndiyo maana hurudiwa. Kijibwa akianza kutapika na kuharisha damu yenye uvundo mkali, ni mbio kwa daktari siku hiyo hiyo. Na kama mbwa mwingine amekufa kwa paro uani kwako, usilete kijibwa kipya mwezi unaofuata, maana virusi hivyo hukaa udongoni miezi mingi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Hili ni suala la sheria pia: Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na mpango wa kitaifa ulioanza 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030. Siku mbwa wako akimparura mtoto wa jirani, karatasi ya kwanza utakayoulizwa ni kadi ya chanjo. Iweke pamoja na hati za nyumba. Uliza pia ofisi za kaunti kuhusu leseni ya mbwa, ulipe mara moja uwe huru.

Kati ya wiki ya 8 na ya 14 akili yake iko wazi kupokea dunia. Asichokiona wakati huo atakiogopa ukubwani, na mbwa wa kilo 70 mwenye woga ni hatari kuliko mkali. Kwa kuwa chanjo hazijakamilika, mbebe. Kaa naye mapajani kando ya barabara asikie tuktuk, bodaboda na matatu zenye muziki. Aone kanzu, buibui, miavuli, mikokoteni ya maji, watoto wakitoka madrasa. Asikie adhana. Mbwa wengi huitikia adhana kwa kulia kama mbwa mwitu, na majirani hawalipendi hata kidogo. Mpe kitu cha kutafuna kila ikianza, atazoea kunyamaza.

Umefaulu ukiona: Akiwa na miezi 4, kitu kipya kinapopita anakitazama, anakusoma wewe, kisha anaendelea na yake.

## Hatua ya 3: Maji na joto

Soma hatua hii mara mbili.

Mbwa huhitaji kiasi cha mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Boerboel wa kilo 70 ni lita 4, na wakati wa kaskazi huzidi. Beseni moja halitoshi kwa sababu atalipindua, kama alivyofanya Jabali. Weka mawili, mazito, kivulini, sehemu mbili tofauti. Badilisha asubuhi, adhuhuri na jioni. Maji yaliyopashwa na jua hayanywi, na yaliyolala huzaa mbu.

Visima vingi vya mji huu vina chumvi. Onja. Maji yakikukera ulimini, mbwa naye yatamharisha, na mbwa anayeharisha wakati wa joto anakauka kwa siku moja. Ndiyo sababu ya ile mitungi mitano: mfereji ukikatika wiki nzima, na unajua hukatika, mbwa asigeuziwe maji ya kisima.

Mazoezi ni alfajiri na usiku tu. Mimi hutoka saa kumi na moja na kurudi kabla ya saa moja na nusu. Kabla ya kukanyaga lami, weka mgongo wa mkono wako chini na uhesabu hadi saba. Ukishindwa kufika, nyayo zake nazo zitaungua. Pwani mchana ni mtego. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, ila hawakusema kuhusu kufa kwa joto ufuoni. Mchanga huakisi jua, yeye hukimbia bila kujua kikomo, na akinywa maji ya bahari hutapika na kukauka zaidi. Kama unapenda ufuo, nenda maji yakiwa kupwa wakati wa alfajiri, beba maji yako, na muwe mmeondoka kabla ngamia wa watalii hawajafika. Nahodha, mbwa wangu wa sasa, haogopi mwizi, lakini siku moja alipokutana na ngamia alinivuta mpaka nikaanguka mchangani kwa magoti.

### Dalili za joto kumshika

Kuhema kwa kelele kusikokoma hata akiwa kivulini. Ulimi mpana, mwekundu wa kuiva. Mate mazito ya kuvutika. Kisha kuyumba, kutapika, macho kutokukutambua.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likivuka 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Fanya hivi kwa mfuatano huu:

1. Mpeleke kivulini, sakafu tupu. Usimfunike taulo yenye maji na kuiacha. Taulo hushika joto na kumpikia ndani.
2. Mmwagie maji ya mfereji mfululizo: tumboni, kwapani, mapajani, shingoni. Usipoteze dakika kutafuta barafu.
3. Weka feni imwelekee. Maji bila upepo ni nusu ya kazi.
4. Mpime. Akifika nyuzi 39 na nusu, acha kumwagia asije akashuka kupita kiasi.
5. Akiweza kunywa mwenyewe, anywe kidogo kidogo. Usimmiminie mdomoni.
6. Mpeleke kwa daktari hata kama ameinuka na kutikisa mkia. Figo na ini huanguka kesho yake, wakati wewe umeshatangaza amepona.

Umefaulu ukiona: Machi inapita na daftari lako halina siku hata moja ya kuhema kusikoisha.

## Hatua ya 4: Chakula

Chakula cha dukani cha vijibwa wa mbegu kubwa ndicho chepesi zaidi kulisha, ingawa mfukoni ni kizito. Ukipika, nyama, dagaa, matumbo na mayai viwe vingi kuliko ugali au wali, na umwoneshe daktari mchanganyiko wako. Ugali mtupu wenye supu ni kushiba bila kujengeka.

Kosa la wenye pesa ni kinyume chake: kumjazia kijibwa maziwa, dawa za kalisi na nyama ili awe mkubwa haraka. Mifupa ya mbwa mkubwa hutaka kukua polepole. Kalisi ya kupita kiasi na uzito wa mapema hupinda miguu na kuharibu nyonga. Ukipitisha vidole ubavuni, uzisikie mbavu bila kuziona.

Mpe milo 3 au 4 akiwa mdogo, kisha 2 kwa siku akishavuka miezi 6. Maisha yake yote abaki na miwili. Mlo mmoja mkubwa kwa mbwa mwenye kifua kipana humtia hatarini tumbo kujaa hewa na kujipindua. Apumzike saa moja kabla na baada ya kula. Ukiona tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, hatulii, usingoje asubuhi wala usimpe soda. Anahitaji upasuaji kwa saa, si kwa siku. Hii ndiyo sababu niliyokutaka uwe na daktari wa usiku.

Sasa jambo la mji wetu. Mabaki ya pilau na biriani usimpe. Kitunguu, kiwe kibichi au kimekaangwa hadi kikawa chekundu, huvunja chembe za damu ya mbwa, na pilau bila kitunguu haipo. Zabibu kavu za juu ya biriani huharibu figo. Baada ya harusi na Idi majirani wema hukuletea sinia wakisema "hiki cha mbwa". Pokea kwa shukrani, wape kuku. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vikali vya kutoboa utumbo.

La mwisho hapa ni kuvu. Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye unga na chakula cha dukani kilichofunguliwa, na sumu ya aflatoksini haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na ini la mbwa nalo haliistahimili. Usinunue ule unga wa bei ya chini unaouzwa kama "wa mbwa" kwa sababu umeharibika. Weka chakula kwenye pipa lenye kifuniko, juu ya kigoda, na ununue cha wiki chache tu.

Umefaulu ukiona: Choo kigumu cha kuokoteka, manyoya yanayong'aa, na kiuno kinachoonekana ukimtazama kutoka juu.

## Hatua ya 5: Kupe

Watu huniambia, "Nimemwogesha kwa dawa, kupe wamerudi wiki ya pili." Hawakurudi. Walikuwa ukutani.

Kupe wa kahawia wa mbwa hunyonya, huanguka, hupanda ukuta na kujificha ufani kubadilika, kisha hurudi kunyonya tena. Jike likishiba hutaga mayai elfu kadhaa kwenye ufa. Wale unaowaona juu ya mbwa ni wachache wa jeshi zima. Kwa hiyo vita ni mahali pawili, siku moja.

Juu ya mbwa. Tumia kidonge cha kutafuna cha mwezi mmoja au mitatu, au ukosi wa dawa, kwa kipimo cha uzito wake. Ukimpa mbwa wa kilo 70 kidonge cha kilo 40 umetupa pesa. Kila jioni mpapase: ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia. Kupe umng'oe kwa kibanio karibu na ngozi, uvute moja kwa moja, umtumbukize kwenye maji ya sabuni. Usimpasue kwa kidole wala kumchoma kwa kiberiti.

Juu ya nyumba. Ziba nyufa. Safisha kitanda cha kamba kwa maji ya moto na ukianike juani. Puliza dawa ya kupe kwenye kuta, pembe na paa la banda, mbwa akiwa mbali mpaka pakauke. Rudia baada ya wiki mbili, kisha tena, kwa kuwa mayai hayafi kwa dawa ya kwanza.

Onyo kubwa: dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpimie mbwa kwa makadirio ya macho. Na dawa nyingi za kupe zina pemethrini, ambayo mbwa huivumilia ila paka hufa nayo. Mombasa ni mji wa paka, wanalala popote. Paka akimlalia mbwa aliyetoka kupakwa dawa hiyo, au akajilamba nayo, utamkuta akitetemeka mpaka mauti.

Kupe hubeba homa mbili mbaya, eliksia na babesia. Dalili hufanana mwanzo: kukataa chakula, ulegevu, joto, ufizi uliopauka kama karatasi. Babesia huweza kuleta mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Eliksia huweza kuleta damu puani. Inua mdomo wake kila wiki uzoee rangi ya ufizi wake akiwa mzima, ili siku ikibadilika uijue. Atapimwa damu, maana dawa zake si moja. Ya eliksia mara nyingi huchukua wiki 4 kamili. Siku ya tano atakuwa anaruka, nawe utashawishika kuacha. Usiache.

Umefaulu ukiona: Mwezi wa tatu, jioni nne mfululizo, hujapata kupe hata mmoja.

## Hatua ya 6: Majirani

Huwezi kufuga mbwa mkubwa Mombasa bila kulijua hili, hata kama wewe si Mwislamu. Majirani wako wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mtu aliyekwishatawadha, kanzu nyeupe, anakwenda sala ya alfajiri, saa ile ile unayomtoa mbwa wako. Ukimwacha mbwa akamkaribia, umemharibia sala na nguo, na umejivunjia ujirani.

Wakati huo huo, jirani huyo huyo hana ugomvi na mbwa wa kazi. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa kuruhusiwa, na wanazuoni wengi wameuingiza ulinzi wa nyumba humo. Anachotaka ni mipaka.

Kabla sijamleta Nahodha nilikwenda kwa mzee wa nyumba ya pili. "Sabalkheri, mzee wangu. Nataka kuleta mbwa wa ulinzi, nimekuja kukuarifu." Akanitazama kidogo. "Mwanangu, umefanya vyema kuja. Mimi shida yangu ni njia ya msikitini, na hawa wajukuu." Tukakubaliana: namtoa baada ya watu kupita kwenda msikitini, nikirudi napita nyuma, na nikimwona mtu natoka njiani, namketisha mbwa mpaka mtu apite. Miaka minne sasa, na mzee huyo ndiye aliyenipigia simu usiku kuwa geti langu liko wazi.

Maji ya kuoshea banda yasitiririke kwenye njia ya watu. Choo kiokotwe kila siku na kuzikwa au kutupwa kwenye mfuko. Kijana wa kazi Mwislamu asilazimishwe kumwogesha. Mwulize, na ukimpata mwenye hiari mnunulie glavu na nguo za kazi hiyo.

Kibao cha getini usikikose. Karibu vyote mjini vimeandikwa MBWA KALI, na mwalimu wangu wa Kiswahili angeviteremsha vyote aandike "mkali". Chochote utakachoandika, weka na kengele, ili mgeni asijifungulie.

Umefaulu ukiona: Jirani anakuuliza hali ya mbwa kwa jina lake.

## Hatua ya 7: Kazi yenyewe

Boerboel hafundishwi ukali. Anao wa kuzaliwa. Unamfundisha breki. Maneno matano, yale yale kwa watu wote wa nyumba: kaa, lala, wacha, rudi, kwako. Dakika kumi, mara mbili kwa siku, kwa kipande cha nyama na sifa. Ukimpiga akiwa mdogo, akifikisha miezi 18 atakuwa na kilo 65 na kumbukumbu.

"Wacha" ndilo neno litakalomwokoa. Wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta kabla ya kuja. Zoeza hivi: tupa kipande cha nyama chini, ukifunike kwa kiatu, sema "wacha". Akiutazama uso wako badala ya kiatu, mpe kipande kingine kutoka mkononi. Baadaye mwombe rafiki asiyemjua arushe nyama kutoka nje ya ukuta. Hili huchukua miezi, na hata aliyefuzu usimtegemee asilimia mia: kila jioni zunguka ua mwenyewe na tochi kabla hujamfungulia, na umlishe vizuri ili asilale na njaa.

Mchana awe ndani ya uzio wake kivulini. Usiku awe huru uani. Mnyororo humfanya abweke kila kitu mpaka ubweke wake usiwe na maana, humfanya ang'ate wa karibu naye, na mwizi yeyote wa mtaani anajua kuupima urefu wake kwa macho.

Mgeni akija, utaratibu ni mmoja bila kujali ni nani: mbwa kwanza anaingia uzioni, kitasa kinafungwa, ndipo geti linafunguliwa. Hata shangazi aliyemzoea. Hata kwa dakika mbili. Watoto wasiachwe naye peke yao, si kwa sababu ni mbaya, ila kwa sababu kilo 70 zikicheza huvunja mkono.

Na ikitokea kang'ata mtu, chanjo au bila chanjo: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, usilifunge wala kulipaka chochote cha jikoni, mpeleke mtu hospitali siku hiyo hiyo na kadi ya mbwa mkononi. Gharama ni zako. Mbwa afungiwe ndani ya uzio siku 10 chini ya macho ya daktari wa mifugo, asiuawe kwa hasira, kwa sababu akiwa hai na mzima siku ya 10 ndipo aliyeng'atwa ataambiwa kwa uhakika kwamba hakuambukizwa kichaa siku ile.

Umefaulu ukiona: Saa nane za usiku anabweka mara tatu, nzito, kisha kimya. Unachungulia dirishani, unamkuta amesimama katikati ya ua, masikio mbele, anatazama pembe moja ya ukuta, na huku nje unasikia miguu ya mtu ikienda zake.